Lebo Mkiani: Jinsi Aligeta wa Louisiana Walivyorudi, na Nani Alilipwa

Septemba 1972, katika parishi ya Cameron, pembe ya kusini-magharibi ya jimbo la Louisiana nchini Marekani, wawindaji 59 waliingia majini na mashua zao wakiwa na ndoano, chambo na bunduki ndogo. (Parishi kule ni wilaya tu, jina lililobaki tangu enzi za Wafaransa na Wahispania. Hakuna padri anayeiongoza.) Walipewa siku 13. Walipomaliza, walikuwa wameua aligeta, ndugu wa mamba, wapatao 1,350.

Idadi hiyo si ya kutisha. Cha ajabu ni kwamba tangu 1967 mnyama huyo alikuwa kwenye orodha ya taifa ya viumbe walio hatarini kutoweka, na jimbo lenyewe lilikuwa limepiga marufuku uwindaji wake kwa miaka 10 mfululizo. Mtu wa mjini aliyesoma habari hiyo alikuwa na haki ya kuuliza: mnamwokoaje mnyama kwa kumchuna ngozi?

Leo idara ya wanyamapori ya Louisiana inakadiria kuwa jimbo lina aligeta zaidi ya milioni 2 porini, kutoka chini ya 100,000 wakati ule. Wengine karibu milioni 1 wako kwenye mabanda ya wafugaji. Kisa hiki husimuliwa mara nyingi kama ushindi wa sheria za ulinzi, na sheria zilisaidia kweli, kwa maana ziliwafunga mikono majangili. Lakini ukifuatilia hatua kwa hatua utaona kwamba kazi kubwa ilifanywa na swali la kibiashara ambalo wahifadhi wengi huona aibu kuliuliza: kinamasi ni cha nani, na mwenyewe anapata nini aligeta akibaki hai hadi mwakani?

Ndugu yake mamba

Kiswahili kina neno moja, mamba, na kwa mtu anayeteka maji Rufiji au Tana linatosha kabisa. Aligeta ni wa familia nyingine. Pua yake ni pana na butu. Akifumba mdomo, meno ya chini yote hujificha, ilhali mamba hata akifumba bado unayaona yakichungulia. Baridi anaiweza kuliko mamba. Kiota chake ni rundo la majani na matope lililoinuka juu ya maji, wakati mamba wa Nile hufukia mayai yake mchangani. Spishi zake duniani ni mbili tu, mmoja Marekani, mwingine China. Hata jina lake ni Kihispania kilichopondeka midomoni mwa Waingereza: *el lagarto*, mjusi.

Ipo tofauti nyingine, nayo ndiyo inayobeba kisa hiki: aligeta hamshambulii binadamu kwa kiasi anachofanya mamba wa Nile. Anaweza, na amewahi kuua, lakini mtu mzima si windo lake la kawaida. Bila hilo, yote yanayofuata yangekuwa magumu mara dufu.

Walivyokwisha

Ngozi laini ya tumbo la aligeta ilikuwa ikitengenezwa viatu, mikanda na mikoba tangu karne ya 19. Kwa Louisiana peke yake, inakadiriwa kuwa aligeta zaidi ya milioni 3 waliuawa kati ya 1880 na 1933. Mwindaji alitoka usiku na taa. Ukimmulika aligeta, macho yake hurudisha mwanga mwekundu kama makaa, na kwa hiyo giza halikumficha bali lilimuuza. Njia ya pili ilikuwa mbaya zaidi. Mtu aliingia ndani ya kinamasi na mti mrefu wenye kulabu, akalitafuta shimo la aligeta, akamvuta atoke. Waliokaa kwenye mashimo hayo ya ndani wengi walikuwa majike wanaotaga, na ukishaua jike umeua na viota vyake vyote vya miaka ijayo.

Mwaka 1962 Louisiana ikafunga uwindaji. Hapo likazuka tatizo ambalo kila afisa wa wanyamapori wa Afrika Mashariki atalitambua mara moja: sheria ya upande mmoja wa mpaka ni fursa kwa mfanyabiashara wa upande wa pili. Ngozi ziliendelea kuchunwa usiku, zikavushwa kwenda majimbo mengine, na zikifika kwenye viwanda hakuna aliyeweza kusema zilitoka wapi. Mambo yalibadilika 1969, Bunge la Marekani lilipoirekebisha sheria ya zamani iitwayo Lacey, ya mwaka 1900, ili iwaguse reptilia pia. Kusafirisha ngozi iliyopatikana kinyume cha sheria kutoka jimbo hadi jimbo kukawa kosa la shirikisho. Soko la magendo likakosa barabara.

Kuna wanabiolojia waliosema baadaye, na nadhani hoja yao ina uzito, kwamba aligeta wa Louisiana hawakuwahi kukaribia kutoweka kama ilivyoaminika. Sehemu kubwa ya vinamasi ilikuwa mali ya watu binafsi, wengine wakilinda mashamba yao kwa walinzi wenye silaha, na ndani humo wanyama walikuwa wamebaki. Ndiyo maana walirudi haraka. Hoja hiyo haikipunguzii kisa thamani. Inatuonyesha tu mahali pa kutazama.

Watu wawili na helikopta

Pwani ya Cameron na Vermilion kuna hifadhi ya jimbo iitwayo Rockefeller, yenye makao yake karibu na Grand Chenier. Ardhi yake ilitolewa kwa jimbo mwaka 1920 kwa fedha za ukoo huo wa mafuta. Ni tambarare ya majani, maji, mbu na chumvi. Kimbunga Audrey kilipoipiga Cameron mwaka 1957 kiliua mamia ya watu. Kwenye hifadhi hiyo ndipo mwanabiolojia Ted Joanen na mwenzake Larry McNease walipokaa miaka mingi wakimsoma aligeta, kazi ambayo wakati huo haikuwa na wivu wa mtu.

Walitaka kujua mambo ya kawaida kabisa. Jike hukaa wapi mwezi gani? Dume je? Anataga mara ngapi? Waliwavalisha vifaa vya redio na kuwafuatilia. Kuanzia 1970 waliruka kwa helikopta juu ya vinamasi kwa mistari iliyopimwa, wakihesabu viota, maana kiota cha aligeta huonekana kutoka angani kama kichuguu cha majani kwenye zulia la kijani. Kutokana na idadi ya viota unapata majike wanaotaga, na kutokana na majike unakisia kundi zima. Muhimu pia, unapata hesabu kwa kila aina ya kinamasi: cha maji baridi, cha maji ya chumvi kidogo, na vya katikati.

Jibu moja kati ya hayo ndilo lililozaa Septemba ya 1972. Walikuta kwamba mwishoni mwa kiangazi, majike wanaotaga wako ndani ya kinamasi karibu na viota vyao, kwenye maji ya kina kifupi yaliyozungukwa na majani. Madume wakubwa wako kwenye mifereji na maziwa yenye kina. Basi mwindaji akiambiwa awinde Septemba, mchana tu, kwa ndoano iliyotegwa maji makubwa, atavua madume kwa wingi bila hata kujua anachagua. Hakuna haja ya kumfundisha kutofautisha jinsia, jambo ambalo kwa aligeta hulioni kwa macho hadi umpindue na kumkagua. Kalenda na kina cha maji vinamchagulia.

Ndoano yenyewe nayo ina akili. Chambo, mara nyingi kuku au mapafu ya ng'ombe aliyeanza kunuka, huning'inizwa kwenye mti juu ya maji. Ukikiweka chini, hata mdogo atakirukia. Ukikipandisha, anayekifikia ni mkubwa. Asubuhi mwindaji anapita kukagua mitego yake yote, na lazima aikague kila siku. Aliyenaswa huvutwa, hupigwa risasi ndogo nyuma ya fuvu, kisha kabla mashua haijasogea lebo hufungwa mkiani.

Lebo ni ya ardhi

Hapa napenda tusimame kidogo, kwa sababu lebo hiyo ndiyo kiini cha kisa, na watu wengi huipita kama karatasi ya ofisini.

Karibu asilimia 80 ya vinamasi vya pwani ya Louisiana ni mali binafsi: kampuni za ardhi, familia za zamani, kampuni za mafuta. Jimbo lilijua kwamba haliwezi kuweka askari kwenye kila mfereji. Likafanya hesabu ya viota, likatoa mgawo kwa ekari kulingana na aina ya kinamasi, na lebo zikatolewa kwa kufuata ardhi. Mwindaji lazima awe na leseni, lakini leseni peke yake haimpi hata mnyama mmoja. Anahitaji mwenye ardhi amruhusu na lebo za ardhi hiyo. Kila lebo ina namba, haifunguki ikishafungwa, na ngozi husafiri nayo hadi kiwandani. Isiyotumika hurudishwa. Mali bila daftari hupotea bila habari, na Louisiana waliamua kufunga daftari kwenye mkia.

Tazama kilichobadilika. Zamani jangili alikuwa anaiibia serikali, na kumwibia serikali kijijini si dhambi kubwa, kila mtu anajua. Sasa alikuwa anamwibia mwenye shamba, na huyo mwenye shamba alikuwa na bunduki, mashua na shemeji kila kona. Ardhi iliyoonekana haina faida, isiyolimika wala kujengeka, ikaanza kutoa kitu kila mwaka, na kadiri ilivyobaki na maji na majani ndivyo lebo zilivyoongezeka. Mwenye ardhi akapata sababu ya kukarabati tuta na mlango wa maji. Mwindaji, mara nyingi mtu yuleyule aliyekuwa akikodi eneo hilo majira ya baridi kutega panya wakubwa wa maji kwa ajili ya manyoya, akapata mwezi mmoja wa mapato ya uhakika.

Haikuwa haki kamili. Mgawanyo wa ngozi kati ya mwenye ardhi na mwindaji ulikuwa makubaliano yao, na mwenye ekari nyingi ndiye mwenye sauti. Mtu asiye na ardhi wala jamaa mwenye ardhi alibaki nje ya uzio akitazama. Nasema hivi kwa sababu kisa hiki hupambwa mno kwenye semina, kama vile kila mwanakijiji wa Louisiana alikula keki.

Cameron ilipopita salama, hesabu za viota mwaka uliofuata hazikushuka, na uwindaji ukapanuliwa parishi kwa parishi. Mwaka 1981 ukafunguliwa jimbo zima.

Mayai

Kuwinda waliokomaa kuna kikomo. Jike hutaga mayai 30 hadi 50, na porini wengi huishia matumboni mwa rakuni, ndege, samaki na aligeta wenzao. Watu wa Rockefeller walikadiria kuwa kati ya 100 wanaoanguliwa, takriban 17 ndio wanaofika urefu wa futi 4, yaani mita 1.2. Wakifikia hapo, hakuna wa kuwala tena isipokuwa aligeta mkubwa au binadamu.

Kutoka kwenye hesabu hiyo likatoka wazo la 1986. Mfugaji anaruhusiwa kuokota mayai porini kwa kibali na kwa kumlipa mwenye ardhi, anaangulia, anawalea kwenye mabanda yenye maji ya moto, na kabla ya kuuza ngozi anarudisha sehemu ya wanyama kinamasini wakiwa na urefu wa futi 4. Mwanzo sehemu hiyo ilikuwa asilimia 17, ile ile ambayo kinamasi kingeitoa chenyewe. Wazo hili halikuzaliwa Louisiana peke yake. Zimbabwe walikuwa wakiokota mayai ya mamba wa Nile na kurudisha asilimia 5 tangu miaka ya 1960. Watu wetu wakizungumzia uhifadhi hupenda kunukuu Marekani, na hapa Waafrika walitangulia.

Kazi yenyewe hufanyika Juni na Julai, jua likiwaka. Helikopta hubainisha viota, kisha vijana huenda na mashua ya feni. Mmoja anashika fimbo ndefu kumzuia mama, anayefoka kama tairi linalotoa upepo. Mwenzake anafunua majani. Kabla hajagusa yai, anachora alama ya kalamu upande wa juu. Yai la aligeta si la kuku: siku za mwanzo kiinitete hujishikiza juu, na ukiligeuza unakiua. Hivyo kila yai huwekwa kwenye kreti likitazama juu kama lilivyokuwa kwenye kiota, na majani ya kiota hutumika kama godoro.

Halafu kuna suala la joto, na hili bado hunishangaza kila nikilisoma. Mwaka 1982 Joanen na mtafiti Mark Ferguson walichapisha utafiti ulioonyesha kwamba jinsia ya aligeta bado haijapangwa yai linapotagwa. Mayai yakikaa kwenye nyuzi 30 za Selsiasi au chini, wote wanatoka majike. Yakikaa kwenye 33 hivi, karibu wote wanatoka madume. Mfugaji mwenye kitotoleshi na kipimajoto kizuri anaamua kundi zima kwa kugeuza kitufe. Wanasayansi wa hali ya hewa nao walipata jambo jipya la kuwanyima usingizi.

Bandani, aligeta hufikia futi 4 kwa muda wa mwaka mmoja au zaidi kidogo. Porini angechukua karibu miaka minne. Tangu mpango wote uanze, wanyama wa porini zaidi ya milioni 1 wamevunwa na mayai zaidi ya milioni 10 yameokotwa, na bado kundi la porini limeongezeka.

Upande wa sheria za kimataifa, mkataba wa CITES, unaosimamia biashara ya viumbe walio hatarini, ulimweka aligeta kwenye kiambatisho cha kwanza, kinachozuia biashara, kisha 1979 ukamshusha kwenye cha pili, kinachoiruhusu kwa vibali. Ndipo viwanda vya ngozi vya Ulaya vikarudi sokoni. Mwaka 1987 serikali ya shirikisho ikatangaza kuwa amepona. Hata hivyo hawakumfuta kwenye orodha. Alibaki humo kwa sababu ya kufanana: ngozi yake ikishatengenezwa mkanda, askari wa forodha hawezi kuitofautisha haraka na ya mamba ambao bado walikuwa hatarini. Aligeta aliendelea kuvaa lebo ili ndugu zake walindwe.

Jirani wa Florida

Louisiana ni nchi ya vinamasi vyenye wenyewe. Florida ni nchi ya nyumba. Huko nako aligeta wamerudi, wanakadiriwa kuwa milioni 1.3, wapo katika wilaya zote 67, na watu ni zaidi ya milioni 20. Kila mtaa mpya unachimbiwa bwawa la kupokea maji ya mvua, na kila bwawa jipya ni mwaliko. Aligeta hana haja ya kuvamia mtaa. Mtaa ndio ulioingia kwake, ukamchimbia na bwawa.

Mkazi wa kawaida wa Orlando hapati senti kutoka kwa aligeta aliyeko nyuma ya nyumba yake. Anachopata ni hofu ya mbwa wake na ya mtoto wake. Kwa hiyo Florida walihitaji utaratibu mwingine, na tangu 1978 wana mpango wa aligeta wasumbufu. Mkazi anapiga simu. Kama mnyama amefikia futi 4 na anatishia watu au wanyama wa kufugwa, mtegaji aliyesajiliwa anatumwa, naye sehemu ya malipo yake ni nyama na ngozi. Mnyama huyo kwa kawaida huuawa. Kumhamisha kulijaribiwa, lakini aligeta hurudi nyumbani hata kutoka mbali, na asiporudi, huko alikopelekwa tayari kuna wenyewe watakaopigana naye. Wanaoondolewa hivi ni maelfu kila mwaka.

Kati ya 1948 na 2022 Florida iliandika mashambulizi zaidi ya 400 ambayo hayakuchokozwa, na vifo visivyofika 30. Kwa jimbo kubwa hivyo na kwa miaka mingi hivyo, ni kidogo. Lakini havikuja kwa mpangilio wa kufariji. Mei 2006 wanawake watatu waliuawa ndani ya takriban wiki moja, sehemu tofauti. Juni 2016 mtoto wa miaka 2 alichukuliwa kwenye ukingo wa maji wa hoteli ya kitalii karibu na Orlando, wazazi wake wakiwa hatua chache tu. Baada ya hapo vibao vya onyo vikawekwa na uzio ukajengwa.

Chanzo kimoja hujitokeza tena na tena, na ni cha kuudhi kwa urahisi wake: watu kuwalisha. Mtu akimtupia aligeta kipande cha mkate au kuku, akapiga picha, akaenda zake, amemfundisha kwamba mtu akisimama kando ya maji kuna chakula. Anayelipa ni mwingine atakayefika hapo jioni akiwa hana chochote mkononi. Kuwalisha kumepigwa marufuku kisheria Florida.

Ukitazama kutoka Rufiji

Mtu aliyekulia kando ya Rufiji au Ruvuma akisoma kisa hiki anaweza kucheka kwa uchungu. Tanzania nayo ina ruhusa ndani ya CITES: mamba wa porini wasiozidi 1,600 kwa mwaka, nyara za watalii wawindaji zikiwa humo humo, ukiacha wanaolelewa mashambani. Kwa maandishi tunafanana na Louisiana. Kwa maisha, hatufanani. Sheria yetu ya Uhifadhi wa Wanyamapori ya 2009 inasema wanyama wote ni mali ya umma chini ya Rais kama mdhamini. Mama anayeteka maji hana lebo, hana ekari za kinamasi, na mamba anayemkabili ni mla mifugo na watu. Akiumia au kufiwa, ipo kanuni ya kifuta jasho na kifuta machozi kwa madhara ya wanyama wakali na waharibifu. Jina lenyewe limesema yote: fedha hiyo huja baada ya kilio.

Sisemi tuigawe mito kwa kampuni. Hatari ya mamba wa Nile ni nyingine, na kinachoweza kuokoa maisha pengine ni kisima, bomba na uzio wa fito kwenye kituo cha kuteka maji kuliko soko la ngozi. Ila anayekuja na kisa cha Louisiana kama dawa ya Rufiji aulizwe kwanza lebo atampa nani.

Ngozi ikishuka bei

Mfumo uliosimama juu ya mkoba wa Paris huyumba Paris inapoyumba. Uchumi wa dunia ulipoanguka 2008 na 2009, wafugaji wengi wa Louisiana walisimamisha ununuzi wa mayai, na wenye ardhi wakajikuta kiangazi kizima bila mteja. Miaka ya karibuni bei ya ngozi za porini imeporomoka. Viwanda vya bidhaa ghali hupendelea ngozi za bandani zisizo na kovu, maana mnyama wa porini ameng'atwa na wenzake na kukwaruzwa na miti. Kuna misimu wawindaji wadogo hawakuona faida ya kununua mafuta ya mashua, na lebo zikabaki mkononi.

California nayo ilikuwa ifunge kabisa uuzaji wa bidhaa za aligeta kuanzia Januari 2020. Louisiana ikaishtaki mahakama ya shirikisho, hoja yake ikiwa kwamba marufuku hiyo ingeua motisha iliyomrudisha mnyama. Mahakama ikaizuia. Wapenzi wa wanyama wa Los Angeles na wachunaji wa Cameron walijikuta wote wakidai kumtetea aligeta yuleyule. Binafsi naona wachunaji walikuwa na hoja nzito zaidi, japo sipendi mabanda yale ya giza na najua kwa nini mtu hayapendi.

Tishio kubwa kwa sasa halina bunduki. Tangu miaka ya 1930 Louisiana imepoteza karibu kilomita za mraba 5,000 za ardhi ya pwani. Mto Mississippi umefungwa na matuta, tope lake haliingii tena kinamasini, na mifereji iliyochimbwa na kampuni za mafuta imeleta maji ya bahari ndani. Kifaranga cha aligeta hakistahimili chumvi. Kimbunga Rita cha 2005 kilisukuma bahari mbali ndani ya Cameron, na Laura cha 2020 kikarudia. Mwenye ardhi ambaye zamani angetumia fedha za mayai kukarabati tuta sasa anapiga hesabu mara mbili.

Wanaorudishwa kinamasini bado wanarudishwa. Kabla ya kuachiliwa kila mmoja hukatwa magamba ya mkia kwa mpangilio maalumu na kubanwa kipande cha chuma chenye namba kwenye utando wa mguu. Miaka kadhaa baadaye, mwindaji wa Septemba akimvuta dume na kuona mkia umekatwa, anaipeleka namba kwa watu wa Rockefeller. Namba hizo zimeonyesha kuwa waliolelewa bandani hukua haraka kuliko waliozaliwa porini, na wengi wao wanaishi kuliko ilivyotarajiwa. Ndiyo maana asilimia 17 ya mwanzo imepunguzwa zaidi ya mara moja. Mfugaji sasa anabaki na ngozi nyingi zaidi za kuuza, kwenye soko linalozihitaji kidogo zaidi.